Nyatiti ya Ayub Ogada haikupozwa

Lipo shtaka linalomsubiri kila kijana wa Mwanza anayeshika zeze peke yake na kuingia nalo studio. Akipunguza mwendo, akaongeza gitaa au kinanda cha kompyuta, anaambiwa ameupoza muziki wa wazee ili Wazungu waumeze. Mfano unaotolewa mara nyingi ni Ayub Ogada, mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, Mjaluo wa upande wa Kenya aliyefariki mwaka 2019. Nimelisikia shtaka hilo Kirumba, hapa Mwanza, kwa watu ninaowaheshimu, wengine wao wapiga ngoma, na naona marehemu ameonewa.

Wana hoja, tena nzito. Nyatiti ni ala ya msibani na sherehe. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao wa ala, njuga zikilia mguuni. Anautaja ukoo wa marehemu, anamsifu aliyemtuza, anamsema mchoyo mbele za watu. Waliokaa wanamjibu. Ogada aliondoka Kenya kwenda Uingereza mwaka 1986 akiwa na nyatiti yake, akapiga kwenye njia za treni za chini ya ardhi London, mahali ambapo mpita njia hajui neno la Kijaluo na hana ukoo wa kutajwa. Mwaka 1993 ikatoka albamu yake En Mana Kuoyo, chini ya Real World, kampuni ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel. Nyuzi zinadonolewa taratibu, sauti iko karibu na sikio, hakuna anayesemwa wala anayejibu. Mzee aliyelelewa na nyatiti ya matanga akiisikia ana haki ya kuuliza watu wamekwenda wapi.

Hata hivyo, wanaosema ameipoza hawajauliza kwa nini ile ya matanga ilikuwa kali. Ilipigwa nje, usiku, katikati ya vilio na mazungumzo, ikiwa na nyuzi nane tu na bakuli la mti lililowambwa ngozi. Asingeigonga kwa nguvu, aliyekaa safu ya tatu asingesikia kitu. Ile pete ya mguuni na zile njuga ni utamu, sikatai, lakini ni pia jibu la mtu mmoja aliyetakiwa kufanya kazi ya bendi nzima. Maikrofoni ilipokuja iliondoa ulazima huo. Kwa mara ya kwanza mpiga nyatiti aliweza kuimba kama anavyoimba nyumbani kwake jioni, bila kushindana na umati. Ndiyo maana "Kothbiro", wimbo wa albamu hiyo, imetulia vile. Maana yake ni "mvua inakuja", na ndani yake mtu anaita ng'ombe warudishwe nyumbani kabla haijanyesha. Wimbo wa namna hiyo kuupigia kelele ndiko kungekuwa kuuharibu. Kila nikiusikiliza nasikia upole ambao ulikuwa ndani ya ala tangu zamani, umekosa tu mahali pa kusikika.

Kuhusu asili, tuziangalie hizo nyuzi zenyewe. Zamani zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Leo nyatiti nyingi zimefungwa mishipi ya nailoni, ileile inayouzwa kwa wavuvi. Mtu wa kando ya ziwa hahitaji kuelezwa tofauti ya kano na nailoni ikivutwa: nailoni inalia juu zaidi na haichoki na unyevu. Hayo ni mabadiliko ya sauti makubwa kuliko gitaa lolote ambalo Ogada aliliweka pembeni yake baadaye, na sijasikia mzee akiyalilia. Yalikubaliwa kwa sababu yalipitia mwaloni, wanakoshukia wavuvi, mikononi mwa watu wetu. Ya Ogada yalipitia London. Nashuku kinachochukiwa ni ile njia.

Tena jirani yetu alikwenda mbali zaidi. D.O. Misiani alizaliwa Shirati, huku kwetu Mara, na gitaa la benga lililompa jina pande zote za mpaka lilichukua mdono wa nyatiti na kuuhamishia kwenye umeme. Hakubakiza hata ala yenyewe! Watu walicheza, na mpaka leo anaitwa mlinzi wa muziki wa Wajaluo. Ogada aliibakiza nyatiti, yeye ndiye anaitwa msaliti.

Kinachonikera zaidi ni hesabu ya miaka. Baada ya 1993, albamu iliyofuata, Tanguru, ilitoka 2007. Miaka 14. Wanaomlaumu wanausoma ukimya huo kama hukumu: soko la Wazungu lilimtumia, likamtupa. Mimi nimeigeuza hesabu hiyo mara nyingi na haikubali. Anayeuza asili ili apate soko hakai miaka 14 bila kupeleka mzigo, hasa wakati wimbo wake mmoja ulikuwa unatembea wenyewe: mwaka 2005 ulitumika kwenye filamu The Constant Gardener, na baadaye, mwaka 2018, rapa wa Marekani Kanye West akachukua kipande chake. Mwenye njaa ya soko angerudia "Kothbiro" kumi nyingine. Baadaye alishirikiana na Mwingereza mpiga gitaa, Trevor Warren, na albamu yao Kodhi ya 2015 ina ala nyingi kuzunguka nyatiti. Kwangu, baadhi ya nafasi ile ya kupumua imepotea humo. Gitaa linajibu pale ambapo ningependa kimya. Hilo ni kosa la mpangilio, la kusemwa kama tunavyolisema la bendi yoyote.

Linalobaki upande wa wazee, na sina jibu lake, ni maneno. Msikilizaji asiyejua lugha hapotezi sauti, anapoteza nani kasemwa na kwa nini. Kijana wa Nyakato anayeimba Kisukuma juu ya kompyuta akijua wateja wake wako ng'ambo ataanza kupunguza maneno bila kujijua, kwa kuwa hakuna anayeyadai. Hapo wazee wakiwa wakali, niko nao.

Ila kwa sauti, Wasukuma wenyewe walishaweka utaratibu. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, hushindana uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Humo utawaona wanaocheza na nyoka na wanaocheza na nungunungu. Kila upande ulitafuta jambo ambalo mwenzake hana. Bulabo, tamasha la mashindano hayo, huchezwa Bujora kila Juni, ukishika njia ya Musoma. Kijana apewe nafasi pale na zeze lake na kompyuta yake, ngoma zikilia upande wa pili, tuone watu watasimama wapi.