Kipandauso na breki ya ubongo

Mwaka jana, kichwa kikinigonga upande mmoja kwa kipandauso, nilikuwa natuma pesa kwa simu. Jina la mpokeaji likatokea: si lile. Nililiona vizuri kabisa. Kidole kikamalizia namba ya siri vilevile.

Sikukosa kuona wala kujua. Nilishindwa kusimamisha tendo lililokwisha kuanza. Maabara hulipima jambo hili kirahisi: herufi zinapita kwenye skrini, unabonyeza kila moja isipokuwa X. Kwa kuwa za kubonyeza ndizo nyingi, mkono unazoea kwenda, na X ikija ndipo breki inapohitajika. Breki hiyo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, hasa upande wa kulia.

Wapo wanaoamini kipandauso huigusa breki yenyewe. Ubongo ukionyeshwa picha ileile tena na tena huizoea, na mwitikio wake hupungua. Tafiti kadhaa zimekuta kwamba kwa wenye kipandauso haupungui hivyo, hata siku wasiyoumwa; nao huona hapo ubongo umeshindwa kujizuia. Wengine hutaja wimbi alilolieleza mtafiti Aristides Leão mwaka 1944, linalotambaa juu ya gamba la ubongo milimita chache kwa dakika na kunyamazisha seli linakopita. Hapo nasita. Wimbi hilo, linalohusishwa na aura (dalili kama mimweko machoni, ambazo mara nyingi hutangulia maumivu), aghalabu huhusu sehemu ya kuona, huko kisogoni. Breki iko mbele.

Wa upande wa pili wanasema maumivu hula umakini, na usingizi uliokatika humalizia. Dawa nazo zimo: topiramati, inayotolewa kuzuia mashambulizi, inajulikana kupunguza kasi ya kufikiri na kumfanya mtu ahangaike kutafuta maneno. Tena utafiti wa mapacha wa makamo nchini Denmark, uliochapishwa 2005, haukuona kipandauso kimedhoofisha akili zao. Hoja nzito, ila vipimo vyake vililenga zaidi kumbukumbu na wepesi wa kufikiri kuliko kujizuia.

Kwa maoni yangu, shambulio likiendelea breki hulegea kweli, iwe kwa maumivu au kwa ugonjwa wenyewe. Lakini kumwita mtu mwenye ubongo mbovu siku zake nzima ni kumwonea, na neno kama hilo likifika kwa mwajiri linaweza kumkosesha mtu kazi. Apimwe mtu yuleyule kabla ya shambulio, likiwa kali, na baada yake. Kulinganisha watu tofauti kunachanganya mengi.

Siku hizi kichwa kikianza, binti yangu hunisomea jina kwa sauti kabla sijagusa namba ya siri.