Kasumba na Kidude: The Manchurian Candidate ya 1962 na ya 2004

Wanajeshi wa Kimarekani wameketi kwenye viti, macho mazito, wengine wanapiga miayo. Mbele yao mama mmoja mwenye kofia anawahutubia akina mama wenzake wa klabu ya bustani kuhusu ukuzaji wa maua ya haidrenjia. Kamera inaanza kuuzunguka ukumbi taratibu. Inapomaliza mzunguko na kurudi mbele, yule mama hayupo tena. Mahali pake amesimama daktari wa Kichina, na viti vya wasikilizaji vimejaa maofisa wa Kisovyeti na wa Kichina, picha kubwa za Stalin na Mao zikiwatazama kutoka ukutani. Wanajeshi bado wanapiga miayo. Hata mmoja wao anaponyongwa mbele yao na Sajenti Raymond Shaw, askari wa kikosi chao wenyewe, hakuna anayeshtuka.

Hiyo ni ndoto ya Meja Marco katika The Manchurian Candidate, filamu ya John Frankenheimer ya mwaka 1962. Kikosi kilitekwa Korea mwaka 1952, wanaume wakafanyiwa kazi akilini, wakarudishwa nyumbani wakiamini kwamba Shaw aliwaokoa wote. Shaw akavishwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Ukweli ni kwamba amegeuzwa bunduki: akiiona karata ya malkia wa uru anatii amri yoyote, kisha anasahau alichofanya.

Ninapoitazama sehemu ile ya bustani, neno linalonijia ni kasumba. Asili yake ni afyuni, kitu cha kuvuta hadi mwili ukakizoea. Katika siasa zetu likachukua maana ya fikra ulizotiwa na mwingine mpaka ukaziona ni zako. Wamarekani wa miaka ya 1950 walizungumzia ubongo kuoshwa, kana kwamba ni nguo. Kwa filamu hii kasumba linafaa zaidi, kwa sababu kasumba haifuti kilichomo ndani ya mtu, inakitumia. Ushahidi uko katika filamu yenyewe. Koplo Melvin, askari mweusi wa kikosi kile, anaota ndoto ileile, ila katika ndoto yake akina mama wa bustani ni weusi. Hakuna anayetoa maelezo. Kila akili imejijazia picha kutoka ghala lake yenyewe. Hiyo ilikuwa 1962, miaka miwili kabla ya sheria ya haki za kiraia ya Marekani, na sijui filamu nyingine ya zama zile iliyosema jambo zito namna hiyo kwa kubadilisha tu waliokaa kwenye viti.

Mwaka 2004 Jonathan Demme aliitengeneza upya. Wengi waliipima kwa swali jepesi, ipi kali zaidi, na ile ya zamani ikapewa ushindi bila kesi kusikilizwa. Mimi pia ninaiweka mbele ya 1962, lakini kesi yenyewe ni nzito kuliko hukumu hiyo, na ndani yake kuna jambo moja ambalo Demme alilifanya vizuri kuliko mtangulizi wake. (Nitaeleza miisho ya zote mbili. Ambaye hajazitazama na asingependa kuharibiwa, azitazame kwanza.)

Nguvu ya filamu ya kwanza inatokana na mgongano ulio katikati yake. Baba wa kambo wa Shaw, Seneta Iselin, ni mlevi mpiga kelele anayedai wizara ya ulinzi imejaa wakomunisti. Kila mtazamaji wa wakati ule alimtambua Joseph McCarthy, seneta aliyesema Februari 1950 kwamba ana orodha ya majina 205 ya wakomunisti serikalini, na siku chache baadaye yakawa 57. Katika filamu Iselin analalamika kwa mkewe, mama yake Shaw, kwamba idadi zinambadilikia mdomoni, anaomba apewe moja tu atakayoikumbuka. Mkewe anaitazama chupa ya sosi ya nyanya ya Heinz mezani, na kwenye chupa za Heinz imeandikwa 57. Basi wakomunisti wanakuwa 57. Kisha tunagundua kwamba mke huyo, anayemwendesha mumewe kama punda wa mchukuzi, ndiye wakala wa wakomunisti wenyewe. Anayepaza sauti kuliko wote dhidi ya adui ndiye anayemfungulia mlango. Mtazamaji wa mrengo wa kulia hakupata pa kujificha, wala wa kushoto. Na filamu ilianza kuonyeshwa Oktoba 1962, wiki ileile Kennedy na Khrushchev walipokuwa wakivutana juu ya makombora ya Cuba. Miezi kumi na tatu baadaye Kennedy aliuawa kwa risasi za mdunguaji. Filamu ikapotea machoni pa watu kwa miaka mingi, mpaka ilipotolewa tena mwaka 1988.

Sasa Demme. Korea imekuwa vita ya Ghuba ya mwaka 1991. Wakomunisti wameondoka, mahali pao pameingia Manchurian Global, kampuni kubwa yenye pesa katika kila zabuni ya vita. Manchuria, eneo la China lililoipa filamu ya kwanza jina lake, si mahali tena, ni nembo. Shaw ni mbunge anayepigiwa debe awe mgombea mwenza wa urais, na mama yake hajifichi nyuma ya mume: ni seneta mwenyewe. Filamu ilitoka tarehe 30 Julai 2004, siku moja baada ya John Kerry kupokea uteuzi wa chama chake kugombea urais huko Boston akijitambulisha kwa rekodi yake ya vitani, wakati makamu wa rais aliyekuwa madarakani, Dick Cheney, aliwahi kuongoza Halliburton, kampuni iliyokuwa na mikataba minono Iraq. Demme hakuhitaji kumtaja mtu.

Wanaoitetea filamu hii wana hoja ambayo sioni ikipewa uzito unaostahili. Hofu ya 1962 ilimweka daktari mwovu ng'ambo, kwa Wachina na Warusi. Historia ikaja kuonyesha kwamba tangu mwaka 1953 shirika la ujasusi la Marekani lenyewe liliendesha mpango wa MKUltra, likiwapa watu dawa za kulevya kama LSD bila ridhaa yao ili kutafuta namna ya kuzitawala akili, na umma haukujua mpaka miaka ya 1970. Kuileta maabara nyumbani, mikononi mwa watu wanaozungumza Kiingereza kizuri na kuchangia kampeni, ni kusahihisha ile ya kwanza kwa kile tulichokuja kukijua. Sisi tulioishi Afrika Mashariki katika miaka ya ubinafsishaji hatukuhitaji kusadikishwa kwamba kampuni inaweza kuingia ikulu bila kupigiwa kura.

Tena Demme anawatazama askari kwa macho ambayo Frankenheimer hakuwa nayo. Melvin wa 2004, akiigizwa na Jeffrey Wright, anatokea mwanzoni akiwa amechakaa, ana madaftari yaliyojaa michoro ya ndoto zake, anamwomba Marco kwa sauti ya chini amwambie kama naye anaota. Marco anamkwepa. Denzel Washington, anayemwigiza Marco na ambaye rika langu lilimzoea kama mtu asiyetikisika, hapa anakuwa mtu mwenye aibu, anayekula vibaya, anayelala vibaya, anayeambiwa na wakubwa kwamba ni maradhi ya vita tu. Baada ya Ghuba askari wengi walirudi na maumivu ambayo kwa miaka hakuna aliyewaeleza chanzo chake. Filamu inakaa upande wao.

Basi inakwama wapi? Kwenye kidude. Demme na waandishi wake wameacha karata na kuingiza vifaa vidogo vilivyopandikizwa mwilini. Marco anakichimba chake mgongoni mwenyewe kwa kisu. Cha Shaw anakiendea kwa meno. Ni matukio ya kusisimua, nakubali. Lakini kitu kinachoweza kutolewa kwa kisu hakiwezi kukutia hofu ya aina ileile. Katika filamu ya kwanza hakuna cha kuchimba. Marco anajaribu kumfungua Shaw kwa kumwonyesha pakiti nzima ya malkia, karata hamsini na mbili zilizofanana, akimwambia nyaya zimekatwa, na mpaka bunduki inapoinuliwa katika ukumbi wa Madison Square Garden sisi na Marco hatujui kama maneno yake yaliingia. Hakuna picha ya eksirei ya kuthibitisha kwamba mtu amerudi kuwa wake mwenyewe. Shaw wa 1962 ametiwa kasumba. Shaw wa 2004 amewekewa mtambo, na mtambo ni kazi ya fundi.

Kampuni nayo ina upungufu huohuo. Ni adui wa kuaminika, lakini hana mgongano ndani yake. Inataka faida, seneta wake anataka madaraka, wote wanavuta kamba upande mmoja. Mtu anaweza kusema huko kutokuwa na itikadi ndiko kunakotisha. Kama wazo, ndiyo. Kwenye kioo tunabakiwa na wanaume wenye suti wakinong'ona vyumbani, na nimeona suti hizo katika filamu nyingi mno kuzikumbuka.

Kuhusu akina mama nimebadilisha mawazo zaidi ya mara moja. Angela Lansbury alikuwa na umri wa miaka mitatu tu zaidi ya Laurence Harvey, anayemwigiza Shaw, mwanawe katika hadithi, na bado huwezi kumwona ila kama mama yake. Kila akiingia chumbani Shaw anapungua kimo. Jambo la kutisha ni kwamba hana haraka. Anapomweleza mwanawe, ambaye wakati huo yuko katika usingizi wa amri na hasikii kama binadamu, kwamba aliomba apewe muuaji bila kujua wangemchagua huyu, na kwamba akishika madaraka atawasaga waliomtenda hivyo, tunasikia kitu kinachofanana na mapenzi. Kisha anambusu mdomoni. Wote wawili wanakuwa mateka kwa dakika moja, na chuki yangu kwake inakosa mahali pa kusimama. Jopo la tuzo za Oscar lilimteua, halikumpa.

Meryl Streep alijua analinganishwa na nini, akaenda upande mwingine. Seneta wake anatafuna vipande vya barafu, anacheka, anaingia kwenye chumba cha wazee wa chama waliokwisha kumchagua Seneta Jordan kuwa mgombea mwenza, na kwa dakika chache anawageuza kwa vitisho na ubembelezi mpaka wanamkubali mwanawe. Ni sehemu bora ya siasa halisi katika filamu zote mbili. Lansbury alilazimika kutawala kupitia mlevi. Streep anaonyesha mwanamke aliyeingia mlango wa mbele na bado ana njaa. Ila huyu hana dakika ya majuto. Yeye alijua tangu mwanzo kwamba ni mwanawe, alimtoa kwa hiari, na anaamini alifanya vema. Kwa siasa, Streep. Kwa msiba, Lansbury, na hadithi hii kwa asili yake ni msiba.

Ile ya 1962 ina madoa ambayo wapenzi wake huyaruka. Watu wa Asia wenye majina ndani yake ni wabaya, na wanaowaigiza si Wachina wala Wakorea. Janet Leigh anakutana na Marco ndani ya treni, anampenda papo hapo bila sababu, na hadithi haimpi kazi nyingine ya maana. Demme alimpa Rosie wake kazi: ni ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliyetumwa kumfuatilia Marco, na upendo wake una mashaka ndani yake.

Na hapa nafika kwenye lile jambo ambalo Demme alilifanya vizuri zaidi. Katika filamu ya kwanza Marco ni mpelelezi. Aliguswa na kasumba lakini kazi yake ni kumkomboa mwingine. Katika ya pili, usiku wa ushindi wa uchaguzi, mwenye bunduki ni Marco. Shaw si mshale tena bali ni mzigo unaotakiwa kufikishwa ikulu. Marco ndiye aliyeandaliwa kumuua rais mteule ili Shaw ashike nafasi. Tumemfuata mtu huyu kwa saa mbili, tumemwamini alipodharauliwa na kila mtu, na kumbe kila hatua ya uchunguzi wake haikumtoa mikononi mwao. Shaw analielewa kabla yake. Anamvuta mama yake wakicheza jukwaani, anamweka na yeye mwenyewe kwenye mstari wa risasi, na risasi moja inawamaliza wote wawili. Kwa mara ya kwanza kidude kinasahaulika, kwa sababu alichofanya Shaw hakikuandikwa na fundi yeyote.

Laiti filamu ingeishia hapo. Baada yake serikali inatengeneza picha za uongo ili lawama ziangukie mtu mwingine, Marco anatoka akiwa salama, na inaonekana kwamba udanganyifu ukifanywa na vyombo vyetu ni dawa. Filamu iliyotumia saa mbili kutuonya dhidi ya kumbukumbu za kughushi inatuachia moja ya kughushi na kutuomba tuikubali. Sidhani Demme hakuliona. Lakini analipita haraka sana, kana kwamba studio ilikuwa ikigonga mlango.

Kisha kuna nishani. Shaw wa 1962, baada ya kuwapiga risasi baba yake wa kambo na mama yake badala ya yule aliyeamriwa kumuua, anaivaa shingoni mwenyewe mbele ya Marco, ile nishani aliyopewa kwa ushujaa ambao haukutokea. Anamwambia kwamba jeshi lisingeweza kuwazuia. Halafu anajipiga risasi. Mwaka 2004 Marco anarudishwa kwenye kisiwa walikofanyiwa yale yote, anasimama ufukweni na nishani ya Shaw na picha ya kikosi, na anaviacha vizame baharini. Wa kwanza alikufa akiwa amestahili kile alichodanganywa kwamba anacho. Wa pili anaishi, na maji yanaichukua nishani polepole, mbele ya macho yake.