Gari lililotolewa masega lihesabiwe lilivyo

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba moshi wa magari ya Dar es Salaam unaweza kukadiriwa kwa kuzidisha idadi ya magari yaliyosajiliwa kwa viwango vilivyopimwa kiwandani, kisha jibu likaingizwa katika modeli za ubora wa hewa na tabianchi. Mimi ni fundi magari, na hapo sikubaliani naye. Mengi ninayotengeneza ni mitumba kutoka Japani, na mara nyingi nikiingia uvunguni nakuta masega, yaani kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachopunguza gesi zenye sumu, yameshatolewa na kuuzwa kwa ajili ya madini ghali ya platinamu na paladi yaliyomo, mahali pake pakachomelewa bomba tupu. Gari hilo hutoa monoksidi ya kaboni na oksidi za nitrojeni kwa wingi usioonekana katika jedwali lolote la kiwandani, ingawa kaboni dioksidi yake, gesi inayobadili tabianchi, ambayo hukadiriwa kwa lita za mafuta, hubaki karibu ileile. Kwa hiyo hesabu moja yaweza kuwafaa wanaochunguza tabianchi na kuwapotosha kabisa wanaopima hewa tunayovuta. Je, kuna msomaji aliyewahi kuona moshi ukipimwa kwenye magari yenyewe, yakiwa barabarani?