Dhahabu ya Lebanon: Bei Imepaa, Shimo Liko Palepale

Lebanon haichimbi dhahabu, lakini Benki Kuu yake inamiliki tani 286.8, yaani takriban wakia milioni 9.2. Katika nchi za Kiarabu, ni Saudi Arabia pekee inayoizidi. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilinunuliwa kabla ya 1971, enzi ambazo wakia moja ilikuwa dola 35. Kwa bei hiyo, akiba nzima isingefika dola milioni 330. Oktoba 2025 wakia ilivuka dola 4,000, na vipande vilevile, bila kuongezwa hata gramu moja, vikawa na thamani ya karibu dola bilioni 37. Hiyo ni zaidi ya pato la taifa la mwaka mzima.

Haishangazi basi kwamba hoja ya kuiuza imepamba moto.

Wanaotaka iuzwe wana sababu za kusikilizwa. Tangu mwishoni mwa 2019 benki za Lebanon zimezuia amana za wateja wake. Machi 2020 serikali ilishindwa kulipa hati fungani za dola bilioni 1.2. Pauni ya nchi hiyo, iliyokuwa 1,507.5 kwa dola tangu 1997, imeporomoka hadi 89,500. Mwaka 2021 mwenye amana ya dola alilipwa kwa pauni, kila dola ikihesabiwa kuwa pauni 3,900, wakati mtaani dola hiyohiyo ilishapita pauni 10,000. Septemba 2022 mwanamke mmoja aliingia benki jijini Beirut akiwa na bastola ya kuchezea watoto, akidai fedha zake mwenyewe ili dada yake atibiwe saratani. Mtu aliyefikishwa hapo, umwambie dhahabu ni ya vizazi vijavyo? Kizazi kilichopo kinaugua leo, na dhahabu iliyolala ghalani haizai riba wala haijengi mtambo wa umeme.

Upande wa pili una historia. Mwaka 1986, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge lilipitisha sheria inayokataza dhahabu hiyo kuuzwa au kutumiwa kwa njia yoyote bila sheria mpya ya Bunge. Gavana wa Benki Kuu wa wakati huo, Edmond Naim, alihamia kuishi ndani ya jengo la benki huku wanamgambo wakitawala mitaa ya nje. Dhahabu ilinusurika vita kwa sababu haikuwa rahisi kuigusa, na kwa maoni yangu ndiyo maana imenusurika hata mgogoro huu.

Tazama kilichotokea kwa akiba ya dola, ambayo haikuwa na kufuli la aina hiyo. Mwaka 2020 na 2021 Benki Kuu ilitumia mabilioni ya dola kufidia bei ya mafuta, ngano na dawa. Sehemu ya mafuta hayo ilivushwa kwa magendo hadi Syria, na wananchi wakaendelea kupanga foleni kwenye vituo. Kama dhahabu nayo ingekuwa wazi, sioni kitu ambacho kingeizuia kufuata njia ileile.

Wapo wanaoitetea kwa kusema bei itazidi kupanda. Hoja hiyo ni dhaifu. Januari 1980 wakia ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa karibu na 250. Ilikaribia 1,900 mwaka 2011, ikaanguka hadi karibu 1,060 mwisho wa 2015, na kwa akiba ya Lebanon anguko hilo lilikuwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 7 kwenye vitabu. Nchi isiyouza haipati faida wala hasara mkononi, lakini mwanasiasa anayepanga bajeti akitegemea bei ya kileleni anaweza kuahidi kitu ambacho mwaka unaofuata hakipo.

Suala zito zaidi ni la umiliki. Hasara ya mfumo wa fedha wa Lebanon inakadiriwa kupita dola bilioni 70. Dhahabu yote ikiuzwa leo, bado isingeziba shimo hilo. Halafu dhahabu ni mali ya taifa zima, pamoja na mkulima wa Akkar, kaskazini mwa nchi, ambaye hajawahi kufungua akaunti, ilhali hasara ilizalishwa na benki zilizovuna riba kubwa kwa kuikopesha Benki Kuu, nayo ikaikopesha serikali. Kuchukua mali ya wote kufidia hasara kabla wenye hisa wa benki hizo hawajabeba sehemu yao ni kuwasamehe waliofaidika kwa fedha za wasiokuwemo. Kadiri bei inavyopanda, ndivyo ushawishi wa kufanya hivyo unavyoongezeka, na hilo linanitia hofu kuliko kushuka kwa bei.

Hata hivyo, katazo la kufunga kila kitu nalo lina gharama. Dhahabu inaweza kuwekwa rehani bila kuuzwa. Italia ilifanya hivyo mwaka 1974 ilipokopa dola bilioni 2 Ujerumani Magharibi. India nayo mwaka 1991 ilipeleka takriban tani 47 nje kama dhamana, ikapata karibu dola milioni 400, ikalipa, na dhahabu ikabaki yake. Lakini nchi hizo zilikuwa na serikali iliyoaminika kwamba italipa. Lebanon ikiweka rehani leo na kushindwa kulipa, itakuwa imeuza kwa mlango wa nyuma.

Ningeunga mkono Bunge kulegeza sheria ya 1986 kwa masharti mawili: sheria ya kugawa hasara ipitishwe kwanza, ikianza na mitaji ya wenye benki, na kiasi cha kuwekwa rehani kiwe na ukomo ulioandikwa, kwa mradi unaojulikana, kwa mfano umeme. Na kabla ya yote hayo, ukaguzi huru uhesabu vipande vyote, vya Beirut na vile vilivyohifadhiwa Marekani, na matokeo yake yachapishwe ili kila Mlebanon ayasome.