Msikate Foronya ya Bibi

Foronya ya bibi yangu ilikaa miaka mingi sandukuni, imekunjwa mara nne. Nilipoikunjua, maua aliyoyadarizi bado yalikuwa na rangi, lakini kwenye mikunjo kitambaa kilikuwa kimelika. Ukikiinua kwenye mwanga unaona hadi upande wa pili. Nikaamua itoke gizani, ikae ukutani kwenye fremu.

Ushauri wa kwanza niliopewa: kata ua, ligandishe kwenye kadibodi, tupa kinachobaki. Nilikataa, na ningekataa tena leo. Gundi hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, hupenya hadi mbele, na ikishafika huko haitoki. Kadibodi ya kawaida nayo ina asidi inayokunguza kitambaa taratibu. Na mkasi ndio usiseme.

Mimi nilivika ubao pamba nyeupe iliyofuliwa, nikaishonea foronya hapo kwa mishono midogo, sindano ikipita katikati ya nyuzi bila kuzipasua. Sehemu iliyozidi niliirudisha nyuma ya ubao, nikaweka kitambaa kilichoviringishwa ndani ya kila kunjo ili lisivunjike tena. Jioni mbili zilikwisha hapo. Siku mtu akitaka kuitoa, atakata uzi wangu tu, na foronya ya bibi itabaki nzima.

Kufua kunataka subira. Wanga wa kukazia nguo ukibaki kwenye kitambaa huita wadudu, kwa hiyo lazima utoke. Lakini kwanza bonyeza pamba nyeupe iliyolowa juu ya kila rangi ya uzi. Ikichukua rangi, usiloweke. Pasi ipite upande wa nyuma, maua yakiwa yamelalia taulo nene, yasije yakabondeka.

Kioo kisiguse kitambaa hata kidogo, maana unyevu ukinaswa hapo huzaa ukungu. Vijiti vyembamba pembeni vinatosha kuvitenganisha. Jua nalo ni adui mkubwa zaidi. Makumbusho huweka nguo za kale kwenye mwanga wa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), mwanga hafifu kweli, kwa sababu mwanga hauishii kwenye rangi, huudhoofisha na uzi wenyewe.

Kwenye pembe moja kuna mahali palipotoboka, bibi akapashona kwa uzi uliokaribia rangi bila kufanana. Mishono yake pale ni mikubwa, ya mtu ambaye macho yameanza kuchoka. Nilihakikisha pembe hiyo hairudi nyuma ya ubao. Ipo chini kulia, ukutani mbali na dirisha, na naiona kila ninapopita.