UTEP ihame ligi, na ihame kwa ajili ya majirani

Mtanzania anayefuatilia riadha hawezi kulipita jina la UTEP kimyakimya. Hicho ni Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, mpakani kabisa na Mexico, na ndicho alichosoma Suleiman Nyambui wa Majita, Musoma. Akiwa bado mwanafunzi alikwenda Moscow mwaka 1980 na kurudi na medali ya fedha ya mita 5,000. Ukitoa ile ya Filbert Bayi ya michezo hiyohiyo, hatuna medali nyingine ya Olimpiki mpaka leo. Gidamis Shahanga na Zakariah Barie nao walipita El Paso. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1982 kule Brisbane, mita 10,000, wa kwanza alikuwa Shahanga na wa pili Barie. Kwa hiyo chuo hiki kinapohama ligi, najihesabu kuwa na haki ya kusema neno, hata kama hakuna aliyeniuliza.

Kwa asiyeujua mfumo wao: vyuo vya Marekani hujipanga katika makundi yanayoitwa konferensi, ambayo hapa naita ligi. Vyuo vya kundi moja hucheza vyenyewe kwa vyenyewe, hushindania ubingwa wao na kugawana pesa za televisheni. UTEP imekuwa Conference USA tangu 2005. Oktoba 2024 ilitangaza kwamba inakwenda Mountain West, na tarehe rasmi ya kuhama ni Julai 1, 2026. Mashabiki wamegawanyika kama ni hatua ya maana. Mimi nasema ihame. Ingekuwa mapenzi yake, ingekuwa huko tangu siku ya kwanza ya ligi hiyo, ila haikualikwa.

Habari yenyewe ni hii. UTEP iliingia ligi ya WAC (Western Athletic Conference) mwaka 1967 na ikakaa humo zaidi ya miaka thelathini. Enzi za akina Nyambui zote ziko ndani ya WAC. Mwaka 1996 wakubwa wa ligi wakaamua kuipanua mpaka ikawa na vyuo 16, kutoka Honolulu hadi Houston, na haikuchukua muda watu wakachoka. Mwaka 1998 vyuo vinane vikatangaza kwamba vinajitoa kuanzisha ligi yao: New Mexico, Wyoming, Colorado State, Air Force, Utah, BYU, San Diego State na UNLV. Hiyo ndiyo Mountain West. Walioondoka ndio hasa waliokuwa majirani na watani wa UTEP, na UTEP ikaachwa solemba. Ilipokwenda Conference USA, hadithi ikajirudia: kati ya 2022 na 2023 vyuo tisa vikaondoka, wakiwemo wenzake wa Texas, yaani Rice, North Texas na UTSA. UTEP ikabaki tena.

Waliokuja kujaza nafasi wako wapi? Liberty iko Virginia. Kennesaw State iko Georgia. Delaware iko huko pwani ya Atlantiki. FIU, ambayo ilikuwamo tangu zamani, iko Miami, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka El Paso, na saa ya huko iko mbele kwa saa mbili. Ikumbukwe kwamba El Paso haifuati hata saa ya Texas yenyewe, inafuata saa ya milimani. Ukitoka pale kwa gari unafika San Diego mapema kuliko Houston. Ni mji wa magharibi uliowekwa ndani ya jimbo la kusini, na kuufungia ligi ya mashariki ni kuutesa bure.

Mateso hayo hayamwangukii kila mtu sawa. Timu ya mpira wa Kimarekani husafiri mara chache kwa msimu, kwa ndege ya kukodi, nyingi wikiendi, na Jumapili mchezaji yuko kitandani kwake. Wasichana wa voliboli au softiboli husafiri mara nyingi zaidi, mara kwa mara kwa ndege za abiria za kuunganisha, wakikosa vipindi na kufanyia mitihani hotelini. Hawa ndio ningewauliza kwanza kuhusu kuhama, lakini si wao wanaoulizwa. Katika mchezo huu wote, uamuzi hufanywa na mpira wa Kimarekani na wengine hubebwa kama mizigo. Ndiyo maana leo Stanford na California, vyuo vilivyo jirani na bahari ya Pasifiki, vinacheza katika ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki, na UCLA iko ligi moja na Rutgers ya New Jersey. Kwa UTEP imetokea bahati, si zaidi: safari hii matakwa ya mpira yameelekea upande uleule wa ramani wanaoutaka wengine.

Hoja nzito ya wapinzani naijua. Mountain West inayohamiwa siyo ile iliyotamaniwa mwaka 1998. Utah na BYU waliondoka zamani, na safari hii Boise State, San Diego State, Fresno State, Colorado State na Utah State wanakwenda ligi ya Pac-12. UTEP, wanasema, inafika shughulini wakati masufuria yanaoshwa. Ni kweli, na kama ingekuwa inakwenda kutafuta pesa na utukufu wa mpira, ningekuwa upande wao. Lakini New Mexico ipo. Wyoming, Air Force na UNLV wapo. Albuquerque, kilipo chuo cha New Mexico, ni mwendo wa saa nne hivi kwa basi kuelekea kaskazini. Sisemi kwamba wote wako karibu. Hawaii imo, na hiyo ni safari ndefu kuliko Miami. Ila Hawaii ni moja, na Conference USA imejaa safari za namna ya Miami.

Kuhusu mpira wenyewe, tusidanganyane. Mara ya mwisho UTEP kushinda mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, zile wanazoziita bowl, ni mwaka 1967. WAC haikuondoa ukame huo, na Conference USA haikuondoa. Anayeahidi kwamba Mountain West itauondoa anauza maneno. Isitoshe, tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Wenye Big Ten na SEC, ligi zenye pesa kuliko zote, watafika huko. UTEP haitafika ikiwa Conference USA wala ikiwa Mountain West, na hofu yangu ni kwamba katika kukimbizana na kiwango hicho itaanza kukwangua kwenye ufadhili wa riadha. Na mkimbiaji wa Kenya au Tanzania aliye kule kwa viza ya mwanafunzi, ambayo inabana sana kazi na malipo, hata hizo pesa mpya zinampita pembeni. Kwake yeye, ufadhili wa masomo ndio kila kitu.

Tena ni riadha iliyolipa jina chuo hiki. Katika mbio za nyika kila timu huhesabiwa nafasi za wakimbiaji watano, na alama ndogo ndiyo ushindi. Huwezi kushuka chini ya 15. Mwaka 1981 UTEP ilichukua ubingwa wa taifa kwa alama 17. Hata baada ya kuhamia Conference USA moto haukuzimika. Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 1988, alikuwa kocha pale. Anthony Rotich akatwaa ubingwa wa vyuo wa kuruka viunzi na maji miaka mitatu mfululizo, 2013 hadi 2015, na Emmanuel Korir akashinda mita 800 mwaka 2017 kabla ya kwenda kuchukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo. Ligi haikuwapa kasi wala haikuwapunguzia. Hata ubingwa wa mpira wa kikapu wa mwaka 1966, kocha Don Haskins alipoanza fainali na wachezaji watano weusi wakaifunga Kentucky, ulikuja wakati chuo hakina ligi yoyote.

Ndiyo maana sitaki ligi itazamwe kama ngazi ya kupandia. Kazi yake ni kukupangia unakutana na nani mara kwa mara, na kwa mkimbiaji wa El Paso kukutana na New Mexico ni jambo zito. Wanawake wa chuo kile walikuwa mabingwa wa nyika wa taifa mwaka 2015 na 2017, na mwaka huo wa pili Mkenya Ednah Kurgat alivuka mstari wa kwanza kuliko wote.

Ninalolilalamikia ni New Mexico State, chuo tofauti na hicho cha New Mexico. Wako Las Cruces, kilomita 70 hivi tu, wanacheza na UTEP tangu 1914, nao wanabaki Conference USA. Kuhama kwa kutafuta majirani huku unamwacha jirani wa karibu kuliko wote ni kichekesho. Sheria haiwazuii kukutana nje ya ligi, lakini nafasi hizo ni chache, na vyuo vikubwa huzinunua: vinakulipa uende kwao ufungwe mbele ya watu wao. Kila mwaka mhasibu ataitamani hundi hiyo. Kwa hiyo UTEP isaini sasa mkataba mrefu na Las Cruces, wa michezo yote, nyumbani na ugenini, na uwe na adhabu kwa atakayeuvunja.