Maandalizi ya SAT na ACT: saa zinazolipa na saa zinazopotea

Janga la korona lilipofunga vituo vya mitihani mwaka 2020, vyuo vingi vya Marekani viliacha kudai alama za SAT au ACT, mitihani miwili ya kuombea nafasi ya chuo, na wengi wakaamini mitihani hiyo imekwisha. Haikwisha. MIT iliirudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha California hakizitazami kabisa alama hizo wakati wa kudahili, na vyuo vingi vingine bado vinamwachia mwombaji aamue kuzituma au kutozituma. Lakini kwa mwanafunzi wa darasa la 11 anayelenga vyuo vyenye ushindani mkali, mtihani umerudi, na pamoja nao swali la siku nyingi: je, shule ya sekondari itoe vipindi vya kumwandaa, au ifundishe masomo yake na maandalizi yabaki shauri la nyumbani?

Wanaokataa vipindi hivyo wana hoja ya kusikilizwa. Kila saa ya mazoezi ya mtihani imekatwa mahali, kwenye fasihi, historia au fizikia. SAT ya sasa hutumia vifungu vya maneno 25 hadi 150, kila kimoja kikiwa na swali moja tu. Mwanafunzi aliyelishwa vifungu vya namna hiyo mwaka mzima huingia chuoni bila stamina ya kukaa na hoja ya kurasa 30, na hilo ndilo atakaloulizwa wiki ya kwanza. Isitoshe, faida yenyewe ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Mtafiti Derek Briggs alipolinganisha waliosoma kozi za maandalizi na wenzao wanaofanana nao kimasomo na kifamilia, katika SAT ya zamani, alipata ongezeko la takriban alama 30 kwenye kipimo kinachoishia 1600. Matangazo ya kozi hutaja zaidi kwa sababu hulinganisha mtihani wa kwanza wa mwanafunzi na wa mwisho wake, kana kwamba katikati hakusoma hesabu shuleni wala hakukua.

Upande wa pili hutaja takwimu iliyotolewa na College Board, shirika linaloendesha SAT, mwaka 2017: waliofanya mazoezi ya bure ya tovuti ya Khan Academy kwa saa 20 walipanda kwa wastani wa alama 115 kutoka PSAT, mtihani wa majaribio wa SAT, hadi SAT, karibu mara mbili ya wasioyatumia. Takwimu hiyo isichukuliwe kwa pupa. Anayejituma saa 20 kwa hiari yake si sawa na asiyejituma, na hata wale wasiogusa mazoezi walipanda. Hoja yao yenye nguvu kwangu ni nyingine kabisa: mwenye uwezo wa kifedha ataandaliwa tu, shule ipende isipende. Shule ikijitoa kwa kusema inalinda elimu halisi, anayeachwa bila maandalizi ni yule ambaye mzazi wake hajawahi kusikia habari za PSAT.

Ili kupima hoja hizi, inafaa kufungua neno maandalizi na kuona ndani yake kuna nini. Naona mambo matatu, na kila moja lina bei yake ya muda.

La kwanza ni kuujua mtihani wenyewe. Tangu Machi 2024 SAT nchini Marekani hufanywa kwenye kompyuta kupitia programu ya Bluebook, kwa jumla ya saa 2 na dakika 14. Kusoma na kuandika kuna moduli, yaani vipande vya mtihani, mbili, kila moja maswali 27 kwa dakika 32, yaani kama sekunde 71 kwa swali. Hisabati ina moduli mbili za maswali 22 kwa dakika 35, kama sekunde 95. Moduli ya kwanza ndiyo huamua moduli ya pili iwe nzito au nyepesi, na nyepesi ina dari: hata ukipata yote, hufiki alama za juu kabisa. Kwa hiyo anayekimbia moduli ya kwanza na kukosa maswali rahisi kwa uzembe hujifungia mlango mwenyewe. Moduli ikishafungwa huwezi kuirudia. Jibu baya halikatwi alama tangu 2016, hivyo kuacha swali tupu ni kutupa nafasi. Kila moduli pia ina maswali 2 ya majaribio yasiyohesabiwa, ambayo mtahiniwa hawezi kuyatambua. Ukikutana na swali la ajabu, bahatisha, liwekee alama ya kurudia, endelea. Haya yote hufundishwa kwa saa chache. Kuyauza kama kozi ya miezi mitatu ni kumchelewesha mtoto.

La pili ni mada zenyewe, na hapa hakuna njia ya mkato. Chukua swali hili: milinganyo 3x + ky = 7 na 6x + 10y = 20 haina jibu la pamoja; k ni ngapi? Anayeelewa huona kwamba 6 ni 3 mara mbili, basi 10 lazima iwe k mara mbili, k ni 5. Kisha anahakikisha kwamba 7 mara mbili ni 14, si 20, kwa hiyo mistari ni sambamba na haikutani kamwe. Sekunde 20 zimetosha. Asiyeelewa hufungua kikokotoo cha Desmos kilichomo ndani ya Bluebook, anaandika milinganyo, anavuta k taratibu hadi mistari ionekane sambamba. Naye atapata 5, lakini kwa dakika nzima au zaidi, na dakika hiyo itamdai kwenye swali la 20. Kikokotoo hicho ni chombo kizuri na kila mwanafunzi anapaswa kukifahamu, hasa kwa grafu za kipeo cha pili. Hata hivyo hakiwezi kuziba pengo la aljebra. Pengo hilo huzibwa na mwalimu wa hisabati katika vipindi vya kawaida kwa miezi, na hapo wanaopinga na wanaounga mkono wanasema kitu kimoja bila kujua.

La tatu ndilo linalopuuzwa zaidi: kuchambua makosa. Swali linasema 5x − 3 = 17, tafuta thamani ya 10x. Majibu ni 4, 20, 34 na 40. Mwanafunzi anapata x = 4, anaiona 4 pale juu, anaichagua na kusonga mbele. Aljebra yake ni safi, hakujibu alichoulizwa. Mwingine anachagua 34 kwa kuzidisha 17 kwa 2 na kuisahau ile 3. Wote wawili wamekosa swali moja, lakini wa kwanza anahitaji mazoea ya kurudia kusoma sentensi ya mwisho kabla ya kubonyeza, na wa pili anahitaji kurudi kwenye milinganyo. Ukiwapa wote maswali 50 zaidi ya milinganyo, mmoja umemsaidia, mwingine umemchosha.

Ndiyo maana daftari la makosa lina thamani kuliko kitabu kinene cha mazoezi. Kwa kila kosa mwanafunzi aandike sababu: sikuijua mada, nilisoma vibaya, muda uliniishia, au nilibahatisha. Hata maswali aliyobahatisha akapata aandike, maana hayo yatamgeuka siku ya mtihani. Baada ya siku mbili tatu alifanye swali upya bila kuangalia jibu. Akikwama tena, hakuelewa maelezo, aliyakumbuka tu kwa muda.

Kasoro kubwa ya wengi ni kufanya mtihani mzima kila Jumamosi bila kuupitia. Mitihani rasmi ya mazoezi ndani ya Bluebook ni michache. Ukiimaliza Januari, Machi huna kipimo cha kuaminika. Wengine hurukaruka kati ya SAT na ACT. ACT, kwa mfumo ulioanza 2025, ina Kiingereza maswali 50 kwa dakika 35, hisabati 45 kwa dakika 50, kusoma 36 kwa dakika 40, na sayansi ni hiari. Jaribu kila mmoja mara moja, chagua, baki hapo.

Kwa maoni yangu shule itoe saa 12, si zaidi, kati ya PSAT ya Oktoba na mtihani wa masika: saa 1 ya kuweka Bluebook na kuzoea vifaa vyake, mtihani kamili na mapumziko yake kwa saa 2 na nusu, saa 2 za kuchambua makosa, saa 2 za kufundisha darasani makosa yaliyojirudia, kisha mtihani wa pili na uchambuzi wake, saa 4 na nusu. Zifanywe ndani ya ratiba, kwa wote, kwa sababu darasa la hiari la jioni humkosa anayefanya kazi au anayelea wadogo zake. Hapo fasihi haijaibiwa kitu cha kulilia.

Na mshauri wa shule asisubiri kuombwa. Mwanafunzi mwenye tatizo la kusoma ana haki ya kuombewa muda wa ziada, lakini College Board inaweza kuchukua hadi wiki 7 kuidhinisha. Mzazi asiyelijua hilo hugundua wiki mbili kabla ya mtihani, wakati fomu haiwezi tena kumsaidia mwanawe.